Harufu Aliyovaa Shangazi

Shangazi yangu tumemzika, Mungu amrehemu, na watu wanasema marehemu hasemwi. Sawa. Sitamsema yeye, nitaisema harufu yake. Maana hata hiyo harufu haikuwa yake, na nimechoka kuwa mtu ninayelijua hilo na kulimeza kila sikukuu, kila harusi, kila anapotajwa kwamba alikuwa mwanamke wa kunukia.

Siku aliyofariki alinipigia simu binti yake, Rehema. Nilikuwa ofisini, ndiyo kwanza nimekaa, hata chai sijanywa. Alilia, nikampa pole, na niliitoa kwa moyo wote, kwa sababu Rehema nimembeba mgongoni, na mtu uliyembeba mgongoni humchukii hata ukitaka. Kisha akajikaza akasema, "Dada, mama ameacha neno. Akishaoshwa apakwe yale mafuta yake. Yale yake ya zamani. Tutafutie wewe, si ndiye unayejua mambo ya mafuta?"

Yale mafuta yake. Nilikaa na simu sikioni hata baada ya Rehema kukata. Mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama niko salama, nikamwambia nimefiwa, akaja kunishika bega. Yeye alidhani ni huzuni tu.

Ni kweli nayajua mafuta. Pale ofisini wananitania kwamba mshahara wangu wote naupaka. Nimewahi kuvaa haludi ya mzee mmoja wa sokoni, ikanifanya ninukie kama bwana harusi wa makamo, nikaivumilia juma zima halafu nikamgawia dereva wetu, ikampendeza kweli. Nimevaa miski nyeupe, safi mno, kama shuka la nyumba ya watu usiowajua. Asumini ya dada mmoja wa Tanga ilinikaa vizuri mpaka jua la mchana lilipoipata, ikachacha mwilini kama maziwa. Mawaridi yananiumiza kichwa, na sitaki kuambiwa kwamba hayo niliyovaa hayakuwa mawaridi ya kweli. Udi wa ghali niliwahi kutiwa tone moja tu mkononi, ukakaa kama mgeni wa heshima aliyekataa kuondoka, nimenawa, nimekula, nimelala, bado upo. Kuna binti anasoma chuo kikuu kule Chimwaga, anachanganya mafuta mwenyewe bwenini na kuyatia kwenye vichupa vya dawa, nikanunua kwake msandali. Huo ulinigusa. Nilivaa siku nyingi nikijinusa kifundo cha mkono katikati ya vikao, nikisema moyoni labda ndio, labda ndio. Haukuwa wenyewe. Ulikuwa mpole tu.

Sikuwa natafuta kunukia. Nilikuwa namtafuta mama yangu, na mama yangu yuko hai, anaishi mjini kati katika nyumba ileile niliyozaliwa, ananukia sabuni ya kipande na moshi wa mkaa. Kila nilipomuuliza alikuwa anatia nini katika mafuta yake, jibu lilikuwa moja. "Yalishaisha hayo, mwanangu."

Nilipokuwa mdogo mama alikuwa anachanganya mafuta mazuri, na mtaa mzima ulijua. Baba alikuwa dereva wa lori, akishuka pwani anarudi na vichupa vidogo alivyovifunga ndani ya shati lake: karafuu, asumini, haludi. Mama anachuja mafuta ya ufuta kwa kitambaa cheupe, anayapasha moto kidogo sana, kisha anatia tone, ananusa, ananyamaza, anatia tone jingine. Akimaliza anaifunga chupa na kuizika ndani ya gunia la uwele kule stoo, mahali pasipo na mwanga wala joto la kupanda na kushuka. Alikuwa anaita kulaza. "Yamelala, usiyaamshe," anasema. Mimi nikaamini kwamba yamelala kweli, nikawa napita kando ya lile gunia kwa ncha za vidole, na mgeni akicheka kwa sauti stoo namwambia ashiii.

Wanawake walikuja kuchukua mafuta ya harusi, ya kumtoa mwari, ya mzazi aliyetimiza arubaini. Lakini kulikuwa na chupa moja ya bluu ambayo haikuwa ya mtu. Ilikuwa yake. Honi ya lori ikisikika kule barabarani, mama anafungua kizibo, tone nyuma ya sikio, tone kifuani, basi. Harufu ile ilikuwa hivi. Mwanzo yalikuja maua, hayakukaa, yakapisha njia. Kilichobaki ni kitu cha chini, cha baridi, kama ukiwa umekaa ndani na nje mvua ya kwanza imeangukia vumbi la miezi yote ile. Mtoto wa Dodoma anaijua hiyo. Tunasubiri mvua mpaka midomo inapasuka, na inapokuja harufu ndiyo inayotangulia. Mama akinikumbatia ilikuwa kama mvua imekuja nyumbani kwetu peke yetu.

Halafu baba akaenda na lori, na watu wakamrudisha baba bila lori. Sikumbuki mazishi. Ninachokumbuka ni kwamba mama aliwekwa chumba cha ndani, akavaa nguo zilizopauka, na kwamba baada ya siku chache alikuwa hanukii kitu. Hakuna aliyenieleza kwamba huo ni eda, kwamba mwanamke aliyefiwa na mume hukaa ndani miezi kadhaa bila wanja, bila hina, bila manukato. Watoto hawaelezwi. Watoto wanaambiwa nenda ukacheze.

Shangazi, dada yake baba, alikuja na kikapu. Alisimama mbele ya kabati la mama akasema kwa sauti ya upole, "Wifi, hivi vitu nakuwekea amana. Mtu wa eda hakai na manukato karibu, shetani hana haya." Mama alikuwa kitandani, uso ukutani. Akasema, "Chukua." Shangazi akachukua vyote, na ya bluu akaiweka juu kabisa, ikiwa imefungwa kwenye leso.

Ijumaa iliyofuata Shangazi alikuja kutujulia hali, na alipopita mlangoni, mama yangu akapita naye.

Nifanye nini mimi, mtoto wa umri wa kupoteza meno? Nilifikiri kwa akili niliyokuwa nayo. Nilifikiri mtu akifa, mke wake anagawanywa. Yule aliyekaa chumba cha ndani ni kama ganda, amebaki na macho na sauti, na mama mwenyewe, mama wa mvua, amehamia kwa Shangazi. Nilimkimbilia. Nilipanda mapajani kwake nikaingiza uso shingoni, palepale nyuma ya sikio, nikakaa hapo mpaka miguu yake ikafa ganzi. Kila Ijumaa hivyo. Nilikuwa namngoja kizingitini tangu asubuhi, na akikawia nalia.

"Tazameni mtoto anavyompenda shangazi yake," wakasema watu. "Damu hiyo, haipotei."

Mama alikuwa anatazama kutoka mlango wa chumba chake. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Alikuwa anaisikia harufu yake mwenyewe sebuleni, kwenye shingo ya mtu mwingine, na mwanawe ameigandia kama kupe. Na hawezi kusema. Angesema nini? Mjane anayeulizia mafuta yake katikati ya eda ataambiwa ana haraka, mume hajakauka kaburini naye anataka kunukia. Shangazi alilijua hilo vizuri. Ukimwibia mtu aliyekatazwa kudai, huhitaji hata kujificha. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema wahenga, na kwetu kilikuwa nguoni kweli, kinanukia, kinaitwa wifi.

Eda ikaisha. Siku ya kutoka, mwanamke huoshwa, huvishwa nguo mpya, hupakwa mafuta mazuri, ajulikane amerudi duniani. Wanawake walijaa uani. Mama akasema, taratibu, "Wifi, ile amana yangu." Shangazi akapiga kofi dogo la masikitiko. "Yamekauka, wifi. Si unajua joto la huku."

Kukauka hukauka maji. Mafuta huganda, huvunda, huchacha, lakini kukauka hapana, na pale uani hakukuwa na mwanamke asiyejua. Hakuna aliyefungua mdomo. Mmoja alimpa mama tone la mawaridi yake, la kusitiri aibu. Nilipomsogelea nikamnusa, nikakuta mawaridi na mtu nisiyemjua, nikarudi nyuma. Mama aliona nikirudi nyuma.

Wiki hiyohiyo Baba Mkubwa akaitisha kikao. Baba Mkubwa ni kaka yake baba, mtu mzima, mwenye kanzu, hakuwa na nia mbaya na mimi nadhani hata leo hajui alichofanya. Hoja ilikuwa nikae na nani. Shangazi alikuwa amejifungua Rehema, yuko Ipagala peke yake na kichanga mchana kutwa, mume kazini. Akasema ataninunulia sare, atanilea kama wake, na mtoto mwenyewe kamzoea, kila mtu anaona. Kumbe alichokuwa anahitaji ni mgongo. Alikuwa anatafuta yaya na akaona afadhali awe wa damu.

"Mwanangu," akasema Baba Mkubwa, "hapa hakuna wa kukulazimisha. Unataka kukaa na nani?"

Shangazi siku ile alikuwa amejipaka hasa. Alikaa upande wa dirisha na upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwangu. Mama alikaa upande wa pili, amevaa kitenge kipya kinachonuka duka. Nilisimama katikati ya mkeka nikanusa. Kisha nikaenda kwa mama yangu, kwa namna nilivyomjua, na mama yangu alikuwa kwenye shingo ya Shangazi.

Watu wazima wakamshukuru Mungu kwamba mambo yamekwisha bila maneno. Mama aliinuka akaenda kukunja nguo zangu.

Niliwahi kumsimulia rafiki yangu mmoja haya, akanishika mkono akaniambia nijisamehe. Nijisamehe nini? Sina kosa. Waliokosa ni wale waliokaa kwenye mkeka na pua zao nzima, wakanusa nilichonusa, wakakijua ni cha nani, halafu wakamwachia mtoto aamue. Hao ndio watafute msamaha. Wengine wao bado wanapita mtaani kwetu, na nikiwasalimia shikamoo naisema kwa sababu nimelelewa na mama yangu.

Ipagala ya siku zile haikuwa hii ya maghorofa. Ilikuwa viwanja vyenye mawe ya mipaka, miiba, na vumbi linaloingia mpaka kwenye ugali. Nilimbeba Rehema asubuhi, nikambeba mchana, nikalala naye. Shangazi hakunipiga na hakuninyima chakula, niseme haki. Na kila Ijumaa alifungua ile chupa ya bluu, na mimi nilisimama karibu kama kuku anayesubiri punje. Ndiyo ulikuwa ujira wangu. Nilikuwa nalipwa mama, tone moja kwa wiki.

Chupa ikaanza kwisha. Shangazi akaongezea mafuta ya alizeti, yale ya kupikia, ili yajae. Nikaona kabisa. Harufu ikawa ya maandazi yaliyonyeshewa. Ijumaa moja nikaikuta dirishani imepinduliwa, haina kitu, na Shangazi akapita karibu yangu akinukia Shangazi: jasho, kitunguu, poda ya mtoto. Nilimtazama huyo mwanamke. Sikuwa namjua. Nikamuuliza, "Mama yangu umempeleka wapi?"

Akacheka. Nikauliza tena. Nikaacha kula, nikakataa kumbeba Rehema, nikawa nauliza hilohilo mchana na jioni mpaka mume wake akasema mtoto ameingiwa na kitu, arudishwe. Nikarudishwa na furushi langu mchana wa jua kali. Mama alikuwa anafua. Aliinuka, mikono ina povu, hakuja mbele. Alisimama akaniachia nimnuse mwenyewe. Nikanusa sabuni, nikanusa moshi, nikatafuta kitu kingine sikukipata, na nikaingia mikononi mwake hivyohivyo.

Hakuchanganya mafuta tena. Uwele wa stoo ulisagwa, tukaula uji.

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu siku ile Rehema aliponipigia. Niliomba ruhusa kazini, nikaenda moja kwa moja kwa mama. Nilimpa habari ya msiba, akasema innalillahi, akakaa chini. Nikampa na ile habari nyingine, ya mafuta yake, na sikuipamba. Nilitaka akasirike. Nilitaka walau mara moja katika maisha haya tukasirike wawili.

Mama akasema, "Nitilie mkaa kwenye jiko. Halafu nivutie ule mtungi."

Mtungi ulikuwa pembeni ya mlango, mtungi mwekundu wa Kigogo ambao baba aliununua mnadani na alikuwa anakunywa humo kila akirudi safari. Mdomo wake ulikuwa umemeguka pembe moja. Nimeuona umemeguka maisha yangu yote na sikuwahi kuuliza kipande kimekwenda wapi. Mama akachukua mchi, akagonga palepale penye pengo, gae dogo likatoka. Akalitia kwenye makaa mpaka likawa jeupe kwa joto, akalichukua kwa koleo akalitumbukiza kwenye mafuta ya ufuta. Yakalia tsss. Na mvua ikanyesha ndani ya nyumba.

Udongo. Nimezunguka maduka ya mji huu nikinusa maua, na ulikuwa udongo wa mtungi wa baba.

"Una asumini?" akauliza. Nilikuwa nayo kwenye mkoba, siachi kuwa nayo. Na msandali wa yule binti wa Chimwaga pia nilikuwa nao. Akatia tone, akanusa, akanyamaza, akatia tone jingine. Mikono ilikuwa mizee lakini haikusahau. Mimi hasira zikanipanda. Nikamwambia, "Mama, unamtengenezea? Yule? Akazikwe nayo?"

"Yalitakiwa yalale," akasema, kama hajanisikia. "Lakini leo hakuna muda. Njoo hapa."

Nikasogea. Akanitia tone nyuma ya sikio la kulia, akanitia la kushoto, akanitia kifuani. Akanishika kidevu kama nina umri ule wa kikao.

"Utakaa na wanawake wenzio, hakuna ubaya ukinukia," akasema. "Mwambie Rehema, kafuri inatosha. Ndiyo anayopakwa kila maiti, tajiri na maskini. Haya mengine yana mwenyewe."

"Twende wote."

"Mimi nitamwombea nikiwa hapa. Nenda, usichelewe."

Nilikwenda Ipagala nimejifunga mtandio mpaka shingoni, nikaufungulia ndani. Rehema alinijia na mkono wazi, akidhani nimebeba kichupa. Nikamkumbatia, nikamwambia alichosema mama, neno kwa neno. Alibaki begani kwangu, akavuta pumzi, akavuta tena, akaanza kulia upya. Sikumzuia. Yeye hakuwepo kwenye mkeka ule, alikuwa kichanga.

Kisha akaja bibi mmoja wa ukoo, mwoshaji wa maiti, mmoja wa wale waliokuwa uani siku mama alipotoka eda. Ameshakuwa mzee, haoni vizuri. Akaninyooshea mkono, akaninusa, uso wake ukafunguka kwa huruma.

"Ah, mjukuu wangu," akasema, na chumba kizima kikasikia. "Unanukia kama shangazi yako mtupu."

"Shikamoo, bibi," nikamwambia, na sikupunguza sauti. "Shangazi ndiye aliyekuwa ananukia kama mama yangu."

Wanawake wa rika lake wakatazama mkeka. Bibi mwenyewe aliendelea kunishika mkono, akauminya kidogo, na nikaona anakumbuka.

"Mama yako," akasema polepole, "yuko wapi siku hizi?"

"Yuko palepale," nikamjibu, "mlipomwacha."